Jicho Linavyojua Kitu Kinaelekea Wapi

Kazi ya kutambua kitu kinaelekea wapi haingoji ubongo. Huanzia ndani ya jicho, kwenye retina, utando wenye unene wa karibu robo ya milimita uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Vitabu vya shule huufananisha utando huo na filamu ya kamera, na mfano huo umewapotosha wengi. Filamu hupokea picha, basi. Retina hupokea mwanga, ikaupima, ikaulinganisha na ule uliotangulia, ikatupa sehemu kubwa ya habari na kupeleka ubongoni kile tu kinachostahili kupelekwa. Miongoni mwa habari zinazopita mchujo huo ni jibu la swali ambalo kwa mnyama yeyote ni la kufa na kupona: kile kinachosogea kinakwenda upande gani? Jibu lenyewe hupatikana kwa njia ambayo si rahisi kuibahatisha. Siri haiko katika kuisukuma seli itoe taarifa kitu kinapokwenda upande wake. Iko zaidi katika kuinyamazisha kinapokwenda upande wa pili.

Ukingo wa Ziwa Chala ni mahali pazuri pa kuanza kulielewa jambo hili. Ziwa hilo la kreta liko kaskazini mwa mji wa Taveta, kwenye miteremko ya chini ya mashariki ya Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania hulikata katikati. Maji yake hutoka chini kwa chini upande wa mlima, na kreta yenyewe imezungukwa na kuta za miamba na vichaka. Mtu aliyesimama upande wa Kenya akitazama magharibi huona ukuta wa pili kama mchanganyiko wa kijivu, kijani na hudhurungi. Mjusi aliyetulia katika mchanganyiko ule haonekani, hata awe mkubwa. Akitambaa hatua mbili, jicho humnasa papo hapo, na katika tendo hilohilo mtazamaji hujua kama amekwenda kushoto au kulia. Hakuna aliyepiga hesabu. Hesabu imekwisha kupigwa ndani ya retina, kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho.

Retina ya binadamu ina seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga. Nyingi kati yake ni vijiti, vinavyofanya kazi gizani, na milioni kadhaa ni koni, zinazoona rangi na mambo madogomadogo mchana. Ila neva inayotoka jichoni kwenda ubongoni ina nyuzi karibu milioni moja tu. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwamba habari nyingi haziwezi kupita kama zilivyoingia. Kati ya wapokea mwanga na nyuzi hizo kuna matabaka ya seli nyingine. Seli bipola hupokea ujumbe kutoka kwa vijiti na koni na kuushusha ndani. Seli za mlalo hupita kwa upana na kurekebisha ujumbe huo mwanzoni mwa safari. Seli ganglioni ndizo za mwisho. Nyuzi zao ndizo zinazoungana kuwa neva ya jicho. Na baina ya bipola na ganglioni kumejazana seli za namna nyingi ziitwazo amakrini. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyezichora kwa darubini mwishoni mwa karne ya 19 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alizipa jina hilo kwa sababu hakuziona na uzi mrefu wa kupeleka ujumbe mbali kama neva nyingine. Zilionekana kama vibarua wa pembeni. Karibu kila kitu cha kuvutia katika habari ya mwelekeo hutendwa na hizo.

Swali la mwelekeo liliingia maabara kwa kishindo miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Horace Barlow, Mwingereza ambaye bibi yake mkuu na babu yake mkuu walikuwa Emma na Charles Darwin, alikuwa akisikiliza seli moja moja za retina ya sungura. Ni sungura wa aina ileile wanaofugwa vibandani sehemu nyingi za Kenya. Mwaka 1963 yeye na Richard Hill walitangaza kwamba baadhi ya seli ganglioni za sungura hutoa mfululizo wa mishtuko ya umeme doa la mwanga linapopita kuelekea upande fulani, na kukaa kimya au karibu kimya doa lilelile linapopita kuelekea upande wa kinyume. Mwangaza wa doa haukuwa na athari kubwa, wala haikujalisha kama lilikuwa jeupe kwenye weusi au jeusi kwenye weupe. Kilichohesabiwa ni upande. Kila seli ilikuwa na upande wake, na haikuubadili.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, Barlow na mwenzake kutoka Australia, William Levick, walichapisha utafiti ulioeleza namna jambo hilo linavyowezekana. Jaribio lao lilikuwa la kupendeza kwa urahisi wake. Badala ya kusogeza kitu, waliweka mianya miwili myembamba karibu karibu ndani ya eneo linalotazamwa na seli moja, wakaiwasha kwa zamu. Mwanya wa kwanza ulipotangulia na wa pili kufuata kwa mpangilio wa upande unaopendwa na seli, seli ilijibu vizuri, takriban kama majibu ya mianya hiyo miwili yakijumlishwa. Mpangilio ulipogeuzwa, jibu lilipungua sana, likawa dogo kuliko jumla hiyo. Hapo ndipo penye hoja nzima. Kama seli ingekuwa inangoja tu mpangilio mzuri ili ishangilie, mpangilio mbaya ungeacha jibu la kawaida la kila mwanya. Haukuliacha. Kitu fulani kilikuwa kimekuja kulifuta.

Barlow na Levick wakahitimisha kwamba mwanga unapogusa sehemu moja ya eneo, hutuma msisimko chini yake na wakati huohuo hutuma kizuizi pembeni, kwa upande mmoja tu. Kizuizi hicho huchelewa kidogo na hudumu. Kitu kikija kwa upande mbaya, kizuizi hutangulia mbele yake na kuikuta sehemu inayofuata kabla kitu chenyewe hakijaifikia. Msisimko ukija, unakuta njia imefungwa. Kitu kikija kwa upande mzuri, kizuizi kinarushwa nyuma, mahali ambapo kitu kimekwisha kupita, na hakina la kuzuia. Waligundua pia kwamba msogeo mdogo sana ndani ya eneo la seli, popote katika eneo hilo, ulitosha kuonyesha tofauti. Maana yake, seli haipimi safari nzima ya kitu kutoka mwanzo wa eneo hadi mwisho. Kipimo hurudiwa katika vipande vidogo vidogo vingi, kila kimoja kikijitegemea.

Hilo lilikuwa wazo lililotokana na hesabu za mishtuko. Kizuizi chenyewe kilikuwa nini? Katika mfumo wa neva, kemikali inayotumika zaidi kuzuia ni GABA. Inapomwagwa kwenye seli hufungua vijitundu vya kupitisha chembe za kloridi, na seli hiyo huwa ngumu kusisimka hata ikipokea ujumbe wa kuichochea. Pikrotoksini, sumu inayopatikana katika matunda ya mmea mmoja wa Asia, huzuia kazi ya GABA. Mwaka 1976 Harry Wyatt na Nigel Daw waliitumia katika retina ya sungura, na seli zilizokuwa zikibagua pande zikaanza kujibu pande zote sawasawa. Hazikuzidi kuwa makini baada ya kuondolewa kikwazo, zilipoteza maana. Seli inayojibu kila upande haimwambii mwenye jicho chochote kuhusu upande.

Tuseme mwewe anakatiza juu ya Ziwa Chala kutoka kushoto, upande wa Taveta, kwenda kulia. Katika retina ya mtazamaji tuchukue seli ganglioni moja inayopenda kulia. (Lenzi huipindua picha, kwa hiyo kwenye retina yenyewe kulia huwa kushoto, pande zinazotajwa hapa ni za mandhari ya nje, ili msomaji asichanganyikiwe.) Picha ya mwewe inapoingia eneo la seli hiyo, seli bipola zinaichochea, kizuizi ni hafifu, na mishtuko hutoka mmoja baada ya mwingine kwenda ubongoni. Mwewe akigeuka na kurudi Taveta kwa mwendo uleule, seli bipola zinaichochea vilevile. Hazijui pande. Ila safari hii GABA inamwagika kwa wingi na mapema, na seli inanyamaza. Jirani yake anayependa kushoto ndiye sasa anayesema. Ubongo haupokei picha ya mwewe anayerudi tu. Unapokea taarifa ya seli iliyoamka na ya ile iliyonyamaza.

Anayemwaga GABA hiyo ni seli moja ya kundi la amakrini yenye umbo zuri kuliko karibu zote za retina. Mmarekani Edward Famiglietti aliieleza mwaka 1983 na kuipa jina la mlipuko wa nyota. Hapa tuiite seli nyota. Ina kiini katikati na matawi yanayochomoza kuzunguka pande zote, bapa, katika tabaka moja jembamba. Upana wake kwa panya ni takriban robo ya milimita. Haina uzi wa kutolea ujumbe. Matawi yaleyale yanayopokea ndiyo yanayotoa: sehemu za karibu na kiini hupokea ujumbe wa seli bipola, na ncha za nje ndizo zinazomwaga kemikali. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba seli hiyo hutoa kemikali mbili zenye kazi tofauti, GABA inayozuia na asetilikolini inayochochea. Mwaka 2001 watafiti wa Japani waliziua seli nyota katika macho ya panya kwa sumu iliyotengenezwa kuzilenga hizo peke yake. Seli ganglioni zilibaki, bipola zilibaki, lakini uwezo wa kubagua upande ulitoweka, na macho ya panya hao yakaacha kufuata mistari iliyokuwa ikizungushwa mbele yao. Baada ya hapo haikubaki shaka ya maana kuhusu nani mhusika.

Lakini umbo lake lilileta fumbo. Seli nyota ni ya mviringo, imesawazika pande zote. Kitu kisicho na upande kinawezaje kutoa kizuizi chenye upande? Jibu lilikuja mwaka 2002, wakati Thomas Euler, Peter Detwiler na Winfried Denk walipotumia darubini ya leza iliyoweza kuangalia ndani ya tawi moja la seli nyota bila kuisumbua retina kwa mwanga. Walipima kalsiamu, ambayo huongezeka katika ncha ya tawi inapokaribia kumwaga kemikali. Iliongezeka sana kitu kilipotoka katikati ya seli kuelekea nje kwenye ncha, na kidogo kilipotoka nje kuingia katikati. Kwa hiyo si seli yenye upande. Ni kila tawi. Seli nyota moja ni mkusanyiko wa vipimaji vingi, kimoja kikiangalia kulia, kingine juu, kingine kushoto, kila kimoja kikifanya kazi karibu peke yake huku vikilishwa na kiini kimoja. Mwaka huohuo Shelley Fried, Thomas Münch na Frank Werblin walionyesha kwamba kizuizi kinapoifikia seli ganglioni tayari kina upande: ni kikubwa kwa mwendo usiopendwa na kidogo kwa mwendo unaopendwa.

Kwa nini tawi lipende mwendo wa kwenda nje? Hapa maelezo ni zaidi ya moja, na wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila moja. Moja ni la umbo tupu: ujumbe unaoingia karibu na kiini husafiri kuelekea ncha, na kitu kikisafiri pamoja nao, misisimko yote hufika nchani kwa wakati mmoja na kulundikana. Kikija kinyume, kila msisimko hufika kwa wakati wake na hakuna unaotosha. La pili ni kwamba seli bipola zinazogusa tawi si za aina moja. Zile za karibu na kiini hujibu polepole na kuendelea kujibu, za mbali hujibu haraka na kukoma, jambo ambalo tena huikutanisha misisimko ya mwanzo na ya mwisho nchani ikiwa mwendo ni wa kwenda nje. La tatu ni kwamba seli nyota huzuiana zenyewe kwa zenyewe kwa GABA hiyohiyo, na kuzuiana huko hulipunguza nguvu tawi linalosikia mwendo wa kuingia. Inaelekea asili imetumia yote matatu kwa pamoja. Anayetafuta sababu moja safi atasubiri sana.

Hoja ya aina mbili za bipola iliungwa mkono mwaka 2014 kwa njia isiyo ya kawaida katika sayansi. Kufuatilia matawi ya seli katika picha za darubini ya elektroni ni kazi ya kuchosha ambayo kompyuta za wakati huo hazikuiweza peke yake. Kundi la Sebastian Seung nchini Marekani likaigeuza kuwa mchezo wa intaneti uitwao EyeWire, uliofunguliwa mwaka 2012, na maelfu ya watu wa kawaida wakawa wanapaka rangi vipande vya neva nyumbani kwao. Waliochangia utafiti walitambuliwa kwa pamoja katika makala iliyochapishwa kwenye jarida la Nature.

Kulikuwa na kipande kimoja zaidi cha fumbo. Hata kama kila tawi lina upande wake, seli ganglioni inayopenda kulia lazima ipokee GABA kutoka kwa matawi yanayoelekea kushoto na kuyaepuka yanayoelekea kulia, ingawa yote yanaigusa au kupita karibu nayo. Mwaka 2011 Kevin Briggman, Moritz Helmstaedter na Winfried Denk, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, walilithibitisha hilo kwa macho. Kwanza walipima seli kadhaa za retina ya panya zikiwa hai na kuandika kila moja inapenda upande gani. Kisha wakaigandisha retina ileile katika plastiki na kuinyoa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na unene chini ya nanomita 30, wakipiga picha kila baada ya kunyoa. Nywele moja ya kichwani ina unene wa zaidi ya mara elfu mbili ya tabaka kama hilo. Walipounganisha picha na kufuata nyuzi, viungo vilikuwa kama ilivyotabiriwa: kila seli ganglioni iliunganishwa kwa wingi na matawi ya seli nyota yaliyoelekea upande wake usiopendwa. Dhana ya Barlow na Levick ilikuwa imekaa miaka 46 ikisubiri picha hiyo.

Uunganishaji huo haufundishwi na kuona. Watoto wa panya huzaliwa macho yamefumba na huyafungua wakiwa na wiki mbili hivi, na seli zenye kuchagua upande hupatikana zikiwa kazini tangu siku za kufumbuliwa. Vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kwamba katika wiki ya kwanza ya maisha matawi ya pande zote huigusa seli ganglioni kwa nguvu inayolingana. Kisha, katika siku chache tu, viungo vya GABA vya upande mmoja huongezeka na tofauti hujitokeza.

Kwa sungura na panya, seli hizi si za namna moja. Kundi kubwa hujibu mwanga ukiwaka na ukizima pia, na limegawanyika katika pande nne: juu, chini, mbele na nyuma. Kundi la pili hujibu mwanga ukiwaka tu, lina pande tatu, na hupendelea mwendo wa polepole. Kazi ya hili la pili si kumwona mwewe. Ni kumwambia mnyama kwamba mandhari nzima inateleza juu ya retina, yaani jicho lake lenyewe halijatulia, ili misuli ya macho irekebishe. Bila hivyo kila mtikisiko wa kichwa ungeivuruga picha.

Abiria wa treni wanaipata kazi hiyo bila kuijua. Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka 2017, hupita Voi na kukata nyika ya Tsavo kwa mwendo wa kasi. Abiria anayemtazama mwenzake aliyekaa dirishani ataona macho ya huyo mwenzake yakifuata nguzo au mti kwa ulaini, kisha yakiruka kurudi mbele kushika kingine, tena na tena, huku mwenyewe akidhani anaangalia nje kwa utulivu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliiita nistagmasi ya reli. Kliniki za macho huitumia hadi leo kwa kuzungusha mistari myeusi na meupe mbele ya mtoto mchanga ambaye hawezi kusoma herufi: macho yakifuata na kuruka, kuna kitu yanaona.

Jambo la kuhesabu mwelekeo halikuvumbuliwa mara moja tu katika viumbe. Nzi, ambao jicho lao halina uhusiano wa umbo na jicho la mamalia, wana seli zao zinazobagua pande, na ndani yake pia kizuizi cha upande usiopendwa kina nafasi kubwa. Hapo ndipo wengi hutaka kumwingiza punda milia wa Tsavo. Mwaka 2019 Tim Caro, Martin How na wenzao walionyesha, katika shamba la farasi nchini Uingereza, kwamba nzi wanaouma huwafikia punda milia kama wanavyowafikia farasi, ila hushindwa kupunguza mwendo na kutua. Wengine hugonga mwili au kupita. Ilidhaniwa kwamba mistari huzivuruga seli za mwelekeo za nzi. Jaribio la mwaka 2020 liliweka vitambaa vya mirabamiraba, ambavyo kwa dhana hiyo vingepaswa kuwa na athari tofauti na mistari, na nzi wakashindwa kutua vilevile. Mistari inawazuia nzi, hilo limeonekana. Kwamba inafanya hivyo kupitia seli za mwelekeo ni dai linalotangulia ushahidi.

Kuhusu binadamu na nyani, mjadala ulikuwa mrefu. Katika ubongo wetu, sehemu ya nyuma ina eneo maalumu la mwendo. Mwaka 1983 iliripotiwa habari ya mwanamke wa Ujerumani aliyeharibika eneo hilo, na tangu hapo chai aliyoimimina kikombeni ilionekana kwake kama imeganda, na gari lililokuwa mbali likawa ghafla mbele yake. Wengi wakaamini kwamba nyani na binadamu wameihamisha kazi yote ubongoni na kuiacha retina bila kazi hiyo. Imani hiyo imepungua nguvu. Kati ya mwaka 2022 na 2023 makundi tofauti ya watafiti nchini Marekani yalieleza seli ganglioni za nyani zinazobagua upande na kuunganishwa na seli nyota, kwa mpango unaofanana na ule wa sungura. Hazipo kwa wingi kama kwa sungura, na ndiyo maana zilikuwa zimewakwepa watafiti kwa miongo.

Ushahidi wa karibu zaidi na binadamu umetoka kwa watoto wenye macho yanayotikisika tangu miezi ya kwanza ya maisha. Mwaka 2006 jeni iitwayo FRMD7, iliyo kwenye kromosomu ya X, ilitambuliwa kuwa chanzo cha aina moja ya tatizo hilo linalorithiwa; kwa sababu ya mahali ilipo, wanaoathirika zaidi ni wavulana. Miaka kumi baadaye Keisuke Yonehara, Botond Roska na wenzao walionyesha kwamba katika retina jeni hiyo hufanya kazi ndani ya seli nyota. Panya waliokosa jeni hiyo walipoteza uwezo wa kubagua kushoto na kulia, kwa kuwa kizuizi kilikuja sawa kutoka pande zote mbili. Uwezo wa kubagua juu na chini haukuguswa. Wagonjwa waliopimwa kwa mistari inayosogea walikuwa na kasoro hiyohiyo: macho hayakufuata mistari iliyokwenda kushoto au kulia, lakini yalifuata iliyokwenda juu au chini.

Kutikisika kwa macho kuna sababu nyingine nyingi, zikiwemo ualbino, mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, na magonjwa mengine ya retina. Baadhi, hasa mtoto wa jicho, hutibika vizuri zaidi yakishughulikiwa mapema. Kwa tatizo la FRMD7 hakuna bado dawa ya kurekebisha jeni, lakini miwani sahihi husaidia wengi, na wengi wa watoto hao hugundua wenyewe pembe ya kichwa ambapo mtikisiko hupungua. Mzazi wa Taveta, Mwatate au Wundanyi anayeona macho ya mtoto yakicheza asingoje afikishe umri wa shule: ampeleke hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Voi, ambako anaweza kuelekezwa zaidi Mombasa, au avuke mpaka kwenda idara ya macho ya hospitali ya KCMC mjini Moshi. Na mwalimu akimwona mtoto wa namna hiyo akisoma ubao huku amegeuza kichwa pembeni, asimlazimishe kukaza shingo mbele. Pale alipokigeuza ndipo anapoona vizuri.